Bamba la Mtoto

Basel, Agosti 24, 1667

Karatasi hizi zimeharibika upande mmoja, kwa hiyo nimejichukulia za kuandikia. Upande wa pili kuna askofu anayebariki kwa mkono wa kushoto. Ni kazi ya mume wangu Lux, mchongaji wa shaba, mwenye jicho kali kuliko wote mtaani, na haraka kuliko wote pia.

Bwana Rüttimann, mchapishaji wa Lucerne, amempa kazi ya kunakili picha za zamani za ngoma ya Mauti. Tunazo katika kitabu kidogo cha babu yake Lux: Mauti, mifupa mitupu, anakuja kumchukua mfalme, anamchukua askofu, anamchukua mkulima na bibi harusi na mtoto, kila mtu kwa zamu yake. Zilichongwa kwenye mbao zaidi ya miaka mia iliyopita, na ni ndogo, unazifunika kwa vidole viwili. Bwana Rüttimann anazitaka kubwa, za shaba, zenye nyuso za watu wanaopumua, na anazitaka kabla ya kengele ya gulio la vuli.

Lux akanakili kama alivyoona kitabuni. Akasahau kwamba bamba la shaba likichapwa hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini huyo. Bwana Rüttimann alifika jana, amechelewa kama wageni wote, maana saa za mji wetu huwatangulia majirani kwa saa moja na mgeni hakumbuki mpaka akute supu imepoa. Akaitazama chapa ya askofu, akasema kwa upole, "Bwana Lux, kwetu Lucerne hata mbuzi hatakubali baraka hii." Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Agosti 27

Mvua. Lux ameweka kioo mbele ya kitabu na sasa ananakili kutoka kwenye kioo, ili kioo kikipindua picha, shaba iipindue tena ikae sawa. Chrischona wetu, mwenye miaka sita, amesimama nyuma ya baba yake tangu asubuhi akikitolea kioo ulimi.

Mimi kazi yangu ni beti za chini ya picha. Naziandika kinyumenyume. Nimezoea kiasi kwamba kanisani jana nilisoma jina la mchungaji kuanzia mwisho.

Agosti 30

Leo zamu ya picha ya mtoto. Kitabuni ni kibanda cha maskini. Mama anapika kwenye moto mdogo, na Mauti amemshika mtoto kifundo cha mkono anamvuta mlangoni. Mtoto amegeuka nyuma, mkono wa pili ameunyoosha kwa mama yake. Uso wake hauzidi punje ya dengu.

Lux alimwita Chrischona, akamsimamisha pekupeku juu ya kigoda, mkono mmoja kwangu, mwingine kwenye mpini wa mashine ya kuchapia. Baba akamwambia asicheke, anachukuliwa. Mtoto akauliza anachukuliwa na nani. Na mpini wa mashine, akajibu baba, na hapo ndipo kicheko kilipoharibu kila kitu.

"Mama, miguu inaniganda," alilalamika baadaye. Nilimwambia avumilie kidogo. Viatu vyake vipya vya kamba nyekundu vilikuwa hapo chini ya kigoda.

Lux alinitaka nimfungue nywele. Chini ya sikio ana kovu, alianguka kwenye vyuma vya meko akiwa na miaka miwili, na kila asubuhi namsuka ili msuko ulifunike. Sikupenda lionekane. Lux akasema bila kovu atakuwa mtoto yeyote tu, na kwa kovu ni wetu.

Septemba 5

Chapa ya kwanza ya bamba la mtoto imetoka. Ni yeye. Hata namna anavyouma mdomo wa chini akizuia kucheka. Lux alijifanya hajali, lakini niliona anaigeuza kwenye mwanga mara nne.

Bibi Ottilia, jirani yetu, mjane aliyenisimamia nikijifungua, alikuja kuazima chumvi. Aliitazama muda mrefu, akaondoka bila chumvi.

Septemba 9

Tauni iko kitongoji cha Mtakatifu Johann. Nyumba mbili, wanasema. Wanasema kila mwaka.

Septemba 12

Nyumba tisa.

Bibi Ottilia alinivuta pembeni kisimani. "Mama Chrischona, Mauti mmemwandikia mwaliko na uso wa mwalikwa mmemchorea. Unangoja nini?" Akanikumbusha habari ambayo kila mtu hapa amelelewa nayo, kwamba fundi wa zamani aliyeukarabati ukuta wetu uliochorwa ngoma ya Mauti pale makaburini alijichora mwenyewe na mkewe na mtoto wao mwisho wa foleni, na kwamba baadaye walifuata foleni hiyohiyo. Nilimwambia kila mtu hufuata foleni hiyo, achorwe asichorwe. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa najisemea mwenyewe.

Septemba 14

Joto. Nzi.

Septemba 17

Nimemwomba Lux abadilishe uso ule. Alikataa. Nikamwomba tena wakati wa chakula, akasema anachonga shaba, hachongi uchawi, na mchungaji akisikia atatucheka wote wawili. Nilimwambia mchungaji hana mtoto. Chrischona alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kama anaweza kula mkate wangu.

Wenye uwezo wanaondoka mjini na magodoro juu ya magari. Sisi tuna mabamba thelathini na nane, na shaba haikimbii.

Septemba 20

Zabibu zimeiva na hakuna wachumaji. Namzuia Chrischona asitoke. Ananiuliza kama ameadhibiwa.

Septemba 23

Ameamka na homa.

Septemba 24

Nimepapasa kwapani mwake nikitafuta jipu la tauni. Lipo. Gumu, kama kokwa.

Lux yuko karakanani na mlango ameufunga. Nasikia sindano yake ikikwaruza shaba, kwaru, kwaru, bila kupumzika. Mwanawe anaungua chumba cha pili na yeye anachonga. Nimewahi kumpenda mtu huyu.

Septemba 25

Naandika haraka, yuko usingizini.

Saa tatu asubuhi Lux alitoka kumtafuta tabibu, wa tatu huyo, wawili wamekataa. Nikaingia karakanani. Sikufikiri. Nilichukua bamba la mtoto, nikachukua chuma cha kukwangulia, nikaanza na uso. Shaba ni laini ukiijua, na mimi naijua. Niliukwangua uso, nikakwangua kovu, nikakwangua mkono alioninyooshea na miguu yake pekupeku, nikapaka mafuta nikalainisha mpaka pakang'aa. Kisha nikatafuta mchoro wake wa karatasi aliouchora Lux siku ile, nikautia motoni. Nikatafuta chapa ya Septemba tano, nikaitia motoni. Nilikuwa nikimwambia Mauti kwa sauti, uso haumo, huyu hayumo tena, tazama mwenyewe, katafute kwingine. Ndiyo, nilisema kwingine. Kama kuna mama mwingine aliyelipia maneno yangu, Mungu anajua, na mimi pia najua.

Niliporudi alikuwa amefumbua macho. Akaomba maji, akayanywa. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Nilipiga magoti nikalia kwa furaha.

Lux karudi bila tabibu. Sijamwambia.

Septemba 26

Amekufa saa nne asubuhi.

Saa nne ya mji wetu. Kengele ilipiga nikiwa nimemshika, nikakumbuka kwamba nje ya malango, Liestal, Lucerne, kote, ilikuwa saa tatu tu. Nilimwambia Lux tumbebe, tutoke naye, huko bado hajafa, huko tuna saa moja. Nilikuwa nimeshamfunika blanketi nimefika mlangoni. Lux alinizuia kwa mwili wake wote. Nilimuuma mkono.

Septemba 27

Wamekuja na gari. Wamemchukua katika shati tu, ndiyo amri ya mji. Nilikimbia na viatu vyake, mbebaji akasema, "Mama, huko havihitajiki." Hakusema kwa ubaya. Viatu viko mlangoni.

Septemba 30

Hakuna.

Oktoba 2

Bibi Ottilia alikuja, sikumfungulia. Alisimama nje akiita Mama Chrischona, Mama Chrischona. Sijui nani mwingine atakuja kuniita hivyo na mpaka lini.

Oktoba 5

Lux amelikuta bamba. Alikuja nalo jikoni, akaliweka mezani kati yetu. Alitaka kuniuliza, nikaona mdomo ukijaribu. Kisha akanisaidia kuchambua maharagwe. Ningependa angenipiga.

Oktoba 9

Bwana Rüttimann amekuja kutazama kazi. Nilikuwa nikimwona mtu wa kuchekesha, na tumbo lake na mbuzi zake. Lux hakutaka kumwonyesha bamba lile, mgeni mwenyewe akalifukua chini ya mengine, akaomba chapa yake. Lux akaitia wino, akachapa.

Mama yupo na sufuria yake. Moto upo. Mauti anatoka mlangoni amenyoosha mkono nyuma, na katika mkono hamna kitu.

Bwana Rüttimann akaisogeza chapa dirishani. Halafu akasema ataichapisha hivyohivyo, kwamba katika zote hii ndiyo kali. Nilimrukia. Nilimwambia aichukue sura yake ya biashara aende akaning'inize kaburi la mwanangu dukani. Lux alinishika mabega. Yule bwana hakukasirika. Alisema, "Mama, mimi nimezika watatu mwaka mmoja. Sina hata kivuli cha uso wao. Nilidhani wewe pia huna, basi tuchapishe kutokuwa nao." Akavaa kofia. Mlangoni aliviona viatu, akapita kwa uangalifu asiviguse.

Sikuweza kuomba radhi. Kaniachia bamba tupu, jipya, na muda mpaka kengele ya gulio.

Oktoba 11

Ni kweli sina kitu. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mimi mjukuu ndiye huyu tu nitakayempata. Ningeuacha uso wake kwenye shaba angekufa vilevile, na leo ningekuwa naye. Nilimkwangua mwanangu kwa mikono yangu.

Nimepindua kila karatasi ya shajara hii nikitumaini kwamba mojawapo ni chapa yake mbovu. Maaskofu wa kushoto saba, bibi harusi watatu.

Nitamchonga mimi. Lux anajua kuchonga zaidi, lakini nimemwambia ni mimi.

Oktoba 14

Uso unakuja. Mdomo ule, paji lile. Kisha nikafika kwenye kovu, mkono ukasimama.

Lilikuwa upande gani?

Nimekaa mbele ya kioo nikijishika shingo, kushoto, kulia. Namwona vizuri kabisa, lakini namwona akikitolea kioo ulimi, namwona kwenye mchoro, namwona kwenye shaba, namwona kwenye chapa, na kila mahali limehamia upande wa pili. Miezi yote nimegeuza kila kitu kichwani. Nimemgeuza naye.

Oktoba 15

Nimemuuliza Lux. Kulia, kasema bila kusita. Nikamwambia kushoto. Akasema alimchora kwa mkono wake. Nikamwambia alimchora mara mbili, karatasini na shabani, anakumbuka ipi?

"Sijui," akasema. "Salome, sijui."

Tumegombana hata hivyo, sauti mpaka barabarani. Wazazi wawili wanapigania sikio la marehemu.

Oktoba 17

Nimeokota bamba chini ya benchi la Lux. Nililidhani chakavu, nikaligeuza. Ni lile alilokuwa akilichonga siku ile ya tarehe ishirini na nne, mlango umefungwa. Hakuna picha. Kuna mstari mmoja tu, juu ya mstari uleule, juu ya mstari uleule, mpaka shaba imekaribia kutoboka. Alikuwa hachongi. Alikuwa anajizuia asipige mayowe mtoto akamsikia.

Nimelirudisha mahali pake. Nimempikia uji wa shayiri anaoupenda.

Oktoba 19

Mvua. Bado kushoto, bado kulia.

Oktoba 21

Bibi Ottilia kaja tena, na safari hii nimemfungulia. Kazeeka. Alibeba vitunguu vya kusuka mafungu ya kutundika kwa msimu wa baridi, akavimwaga sakafuni na kuketi kama mtu wa nyumbani. Alianza kuomba radhi kwa yale ya kisimani. Nikamwambia anyamaze tusuke.

Nilifunga kamba kwenye mguu wa meza, nikaketi nyuma ya kamba ile, mashina ya vitunguu kati ya magoti yangu. Nilikuwa sifikirii chochote. Mkono wangu wa kushoto ukachukua shina la pembeni, ukalivuta chini, chini kuliko inavyostahili, ukalipitisha juu ya mengine ili lifunike.

Bibi Ottilia akasema, "Mbona unaanza pabaya, litakaa upande."

Hivyo ndivyo nilivyomsuka Chrischona kila asubuhi. Amenipa mgongo, yuko kati ya magoti yangu, hakuna kioo, hakuna shaba, kushoto kwake na kushoto kwangu ni kumoja. Nalivuta la kushoto chini ili kovu lisionekane, na yeye analalamika kwamba namvuta.

Kushoto. Nilisema kwa sauti, nikasema tena, na Bibi Ottilia akaanza kulia kabla hajajua analilia nini. Nilimkimbilia Lux karakanani. Alinisikiliza, akaweka sindano chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu tarehe ile, vitunguu vikininuka mikononi.

Oktoba 24

Shabani nimeliweka kulia, ili kwenye chapa likae kushoto. Nimehakikisha mara kumi. Lux naye mara kumi.

Oktoba 26

Sasa Mauti. Niliapa simchongi. Mtoto wangu, moto, mama yake, mlango, basi. Bwana Rüttimann akitaka mifupa akajitafutie.

Nimefanya hivyo. Kisha nikamtazama kwenye nta iliyopakwa juu ya bamba, kabla tindikali haijala shaba. Mkono mmoja kaninyooshea. Wa pili umening'inia hewani, kuelekea mlangoni, hakuna anayeushika. Mtoto wa miaka sita, anatoka nje peke yake.

Nimekaa naye asubuhi nzima. Sikuweza.

Nimemrudisha Mauti. Lakini hamshiki kifundo kama kitabuni. Nimemchonga akimshika kama nilivyomshika mimi tukivuka daraja la Rhine siku za upepo, vidole vyake vyote ndani ya kiganja na kidole gumba juu yake. Kazi ya mikono miwili ile imenichukua muda kuliko uso.

Namchukia. Lakini amshike vizuri.

Oktoba 29

Kengele ya Mtakatifu Martin imelia, gulio limefunguliwa, vibanda havifiki ishirini. Bwana Rüttimann alifika saa saba yetu. Nimemwomba radhi, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Supu yake nilikuwa nimeiacha motoni.

Alizipitia chapa zote akiwa amesimama. Askofu anabariki kwa kulia. Bibi harusi ametoa mkono wa kulia. Alipofika kwa mtoto akaketi. Akafungua kitabu cha babu, akaviweka sambamba, akatazama huku na huku kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata mkono ule wa Mauti bila kuugusa. Nilingoja aseme kwamba si nakala ya kweli. Angekuwa na haki.

Hatimaye kidole kikashuka chini ya picha, kikasimama.

"Mama," alisema, "huyu wa kitabuni yuko pekupeku. Wako ana viatu."

Nikamwambia nje kuna baridi.